Jinsi ya kuwapa mafundi wa pikipiki moyo wa kazi: hatua ninazofuata kiwandani Dodoma

Nasimamia zamu kwenye kiwanda cha kuunganisha pikipiki na skuta, upande wa Kizota hapa Dodoma. Vifaa vinakuja kwenye makasha kutoka bandari ya Dar es Salaam, sisi tunafunga fremu, injini, ringi, waya, tenki na siti mpaka chombo kinawaka. Mwongozo huu nimemwandikia msimamizi mwenzangu aliyekabidhiwa watu ishirini au arobaini akaambiwa awape motisha, bila kuonyeshwa pa kuanzia.

Usianze na zawadi. Mimi nilianza na picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani, na ndani ya miezi miwili ilikuwa imeleta maneno. Pikipiki moja inapita mikono mingi. Ukimtaja mmoja, wengine wote wanabaki kujiuliza wamekosa nini.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kutoa

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Mfuate kila fundi kwenye meza yake ya kazi, au kaa nao saa nne wakati wa chai na maandazi. Ukiwaita ofisini utaambiwa tu, "Tunashukuru bosi, hali ni nzuri."

Wapo mafundi waliokuzidi umri. Waamkie shikamoo hata kama wewe ndiye unayesaini karatasi zao za ovataimu. Mimi si Mgogo, lakini "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kila asubuhi imenifungulia mazungumzo mengi kuliko kikao chochote.

Uliza maswali matatu tu: Jana ni nini kilikupotezea muda? Ni kifaa gani unaazima kwa mwenzako? Kazi yako ikienda vizuri, nani huwa anajua? Andika majibu kwenye daftari kwa maneno yao wenyewe, na uweke tarehe.

Kwangu jibu lililojirudia lilikuwa spana namba 14. Zilikuwa mbili kwa watu sita, na watu walikuwa wananyang'anyana kutwa nzima. Tulinunua nne. Siku ile laini nzima ilichangamka, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya fulana tulizokuwa tumepanga kuchapisha.

Hatua ya 2: Weka mambo ya pesa hadharani

Fundi asiyejua ovataimu yake imehesabiwaje anaamini ameibiwa, hata kama hajaibiwa. Bandika hesabu ukutani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu.

Weka mfano. Mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi unagawanywa kwa saa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333. Saa moja ni shilingi 2,000, kwa hiyo saa ya ovataimu ni 3,000. Mtu akishaona hesabu hiyo atajikagulia mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na ugomvi wa dirisha la mhasibu utapungua. Waambie pia waangalie michango yao NSSF mara kwa mara. Wakikuta mwezi umerukwa, lifuatilie wewe mwenyewe.

Hatua hizi mbili zinaondoa kero, basi. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani. Walieleza kwamba mshahara na mazingira mabaya huwaudhi watu, lakini vikirekebishwa havitoshi kumfanya mtu aipende kazi. Kinachompa moyo ni kufanikisha jambo, kutambuliwa na kazi yenyewe. Nimeliona hilo kwa macho yangu, ndiyo maana hatua mbili zinazofuata nazipa uzito kuliko zote.

Hatua ya 3: Kosa likitokea, anza na kifaa, mtu awe wa mwisho

Ringi ya nyuma ya pikipiki nyingi tunazofunga ina spoku 36. Fundi anazipanga, anakaza moja moja, kisha anazungusha ringi kwenye stendi kuona kama inacheza. Kwenye kiwanda nilichofanya kazi zamani kulikuwa na kijana aliyekuwa akizigonga spoku kwa spana huku amefumba macho. Iliyokaza inalia kwa sauti kali, iliyolegea inalia bubu. Alikuwa anasikia kabla hajaona.

Mwezi mmoja zikarudi pikipiki kadhaa, ringi zinayumba. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake ofisini, akakatwa mshahara. Baada ya hapo aliacha kugonga spoku. Alifunga idadi aliyopangiwa, hakuongeza hata moja, na saa kumi na moja kamili alikuwa getini. Wiki tatu baadaye tukagundua mhimili wa stendi umelika upande mmoja, kwa hiyo hata mwenye macho mazuri kiasi gani angekosea. Pesa alirudishiwa. Lakini hakuna aliyemwambia samahani, mimi nikiwemo, na haukupita muda akaondoka.

Kwa hiyo sasa, kosa likijirudia, nasimamisha kituo hicho na kukagua kwanza stendi na spana, halafu vifaa vilivyotoka kwenye kasha, halafu kama fundi alifundishwa ipasavyo. Hayo yakiisha ndipo namwita yeye, pembeni, si mbele ya wenzake. Suala la makato usilichukulie kirahisi: sheria inataka kosa liwe lake kweli, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, asikatwe zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Na ukigundua ulimwonea, mwombe radhi mbele ya walewale waliosikia lawama.

Hatua ya 4: Mlete dereva wa bodaboda kwenye laini

Fundi anafunga keria mia, hajui zinaishia wapi. Mara moja kila mwezi tafuta dereva anayetumia pikipiki yenu, mtoe kijiweni, mlete nayo kiwandani. Mfidie hesabu ya siku, yaani pesa anayompelekea mwenye pikipiki, maana tajiri wake hatajali kwamba alikuwa kwenu.

Wa kwanza tuliyemleta hupakia magunia ya mkaa kutoka upande wa Mvumi. Aliuliza, "Nani anafunga keria hapa?" Dada mmoja akanyoosha mkono.

"Dada, kila nikirudi safari nalazimika kuikaza upya."

"Hebu tuione, kaka."

Alipiga magoti, akashika bolti kwa vidole, akaitikisa. Akasema, "Hapa hamna washa ya springi, ile inayozuia bolti isilegee. Tumekuwa tukiweka bapa tu." Hakusubiri nimwambie. Kesho yake alikataa kufunga keria mpaka stoo ilete washa hizo, na mimi nikamsimamia mbele ya meneja, ingawa tulichelewa nusu siku. Usipomsimamia fundi siku kama hiyo, usijisumbue kuleta dereva mwingine.

Hatua ya 5: Wafungulie njia ya kupanda

Mpe kila fundi kituo cha pili cha kujifunza, mwenye ringi ajifunze umeme. Wengi wao ujuzi waliupata chini ya mwembe kwenye gereji za mtaani na hawana karatasi yoyote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo: mtu anapimwa, akifaulu anapata cheti. Wasaidie kujaza fomu na uwape ruhusa siku ya kupimwa. Usiogope kwamba wakipata cheti wataondoka.

Hatua ya 6: Panga likizo kwa kalenda ya mvua

Mvua za Dodoma huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na wengi wa watu wako wana shamba Bahi, Chamwino au Kongwa. Ukiwabana, watakuja na vyeti vya hospitali. Mwezi Oktoba keti nao, kila mtu aseme wiki anayohitaji kwa kupanda, ukate kutoka kwenye siku zake 28 za likizo. Wapeane zamu wao wenyewe. Wanajua shamba la nani lina udongo wa kuwahi kuliko ofisi itakavyojua.

Hatua ya 7: Rudi na daftari

Baada ya miezi mitatu, rudia maswali matatu ya hatua ya 1 kwa watu walewale, saa ileile ya chai. Wasomee walichosema mwanzo. Kilichotatuliwa kipige mstari mbele yao. Kisichotatuliwa waeleze kimekwama wapi na nani anakishughulikia, kisha andika tarehe mpya pembeni.