Kabla Hujashuka Batad

Unataka kwenda Ifugao, milima ya kaskazini mwa Ufilipino, kuona majaruba yaliyopanda mlima ngazi kwa ngazi? Anza na tarehe. Mpunga wao wa asili, tinawon, hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Aprili na Mei ni kijani kitupu. Juni kuelekea Julai unapiga manjano, watu wanavuna. Ukichelewa utakuta tope na maji, usimlaumu mtu. Kuanzia Juni mpaka Novemba kuna vimbunga, na mlima ukiporomoka barabara inafungwa. Tenga siku mbili za akiba.

Pesa taslimu chukua Manila, noti ndogondogo. Basi la usiku mpaka Banaue, mji wa Ifugao unaoanzia safari, ni mwendo wa saa tisa au kumi, na kiyoyozi chake kingefaa bucha. Sweta pakata, usilitie kwenye buti. Tochi, koti la mvua, dawa zako. Begi kubwa liache Banaue, kwa sababu Batad, kijiji chenyewe cha majaruba, kiko bondeni na gari halikifikii. Ulichoshuka nacho utapanda nacho.

Sasa viatu, na hapa nisikilize. Mimi nilikwenda na raba zilizolika soli. Njia ya kupita kwenye majaruba ni juu ya ukuta wenyewe wa mawe, kwingine haupiti upana wa nyayo mbili. Kushoto kwako maji na mpunga, kulia hewa tupu, halafu jaruba la chini, kimo cha mtu na zaidi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mbele akatokea bibi mmoja, pekupeku, ana mzigo kichwani. Nami na adabu zangu nikaona nimpishe mzee, nikasogea upande wa nje. Jiwe la ukingoni likacheza. Kijana aliyekuwa akiniongoza akadaka mkanda wa begi langu, akanivuta ndani, tukatua sote kwenye tope, mpunga wa watu umelala chini yetu. Bibi akapita zake.

Jiwe lilikuwa limedondoka. Kijana akalifuata, akalipandisha, akalipachika na kulikandika udongo, mimi nimesimama kama mlingoti. Akanieleza kwamba maji yakipata tundu, ukuta mzima unaweza kwenda, na maji ya jaruba hili ndiyo yanayolisha la chini yake. Mpunga nilioulalia niliulipa.

Kuta hizo ndizo zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1995. Mwaka 2001 zikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zisitoke mpaka 2012. Vijana wanahamia mijini, mikono ya kupanga mawe inapungua. Kwa hiyo vaa kiatu chenye meno, chukua mwongozaji wa palepale kijijini, na ukipishana na mtu, simama upande wa maji. Huko utachafuka tu. Upande wa nje utatolewa kwa machela.

Mengine ni ya kawaida. Wazee usiwapige picha bila kuwaomba. Msitu ulio juu ya majaruba, muyong, una wenyewe, na ndio unaotunza maji. Usikate hata fimbo. Ukikaribishwa momma, ni tambuu kwa popoo na chokaa, mtu wa Pwani hatashangaa, ila usiteme ovyo. Na saa kumi jioni ikikukuta bado uko bondeni, lala hukohuko, upande asubuhi.