Skrubu ya mdomoni mwa binti yangu: namna ya kuifanya isilegee

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Tanga, na skrubu nimezikaza tangu ujana. Siku daktari wa kupanga meno aliponiambia anataka kuweka mbili kwenye taya la juu la binti yangu wa miaka 16, nilicheka. Wiki ya tatu ya kushoto ilipolegea, kicheko kilikwisha. Iliyowekwa badala yake inaingia mwezi wa 11 sasa na haijacheza. Nakuandikia, mzazi mwenzangu, yale tuliyoyafanya tofauti mara ya pili.

Kwanza ujue kazi yake. Binti yangu alikuwa na meno ya mbele yaliyotokeza. Aling'olewa magego madogo mawili, moja kila upande, ili meno ya mbele yapate pa kurudi. Sasa ukifunga kamba kati ya ngalawa mbili zinazoelea kisha ukavuta, zinasogeleana zote. Magego ya nyuma nayo yangekuja mbele, nafasi ikaliwa bure. Inatakiwa nguzo iliyochimbiwa chini, na nguzo ndiyo hiyo skrubu: aloi ya titani, unene milimita 1.6, urefu milimita 8, imepita kwenye fizi ikaingia mfupani katikati ya mizizi ya meno mawili. Kichwa kinabaki nje na springi ndogo inafungwa hapo.

Haina gundi. Wala haikusudiwi kuganda na mfupa moja kwa moja kama jino la kupandikizwa, maana kazi ikiisha itafunguliwa. Inashikwa na hesi zake tu, hasa kwenye lile ganda gumu la nje la mfupa. Halafu mfupa uliobanwa siku ya kwanza huliwa kidogo na mwili, ukajengwa mwingine mahali pake. Katikati hapo, wiki za mwanzo, mshiko wa kwanza umeshapungua na wa pili haujakomaa. Ndipo nyingi hulegea. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja, skrubu kama 13 au 14 katika kila 100 zilikutwa hazikufika mwisho wa kazi, kwa hiyo ikikupata usidhani umelogwa.

Kinga inaanza kabla ya sindano ya ganzi. Muulize daktari skrubu itapita kwenye fizi ipi. Msimamishe mtoto mbele ya kioo, uvute shavu lake pembeni: utaona fizi ngumu ya pinki iliyoshikana na mfupa, na juu yake ile laini, nyekundu zaidi, inayocheza ukivuta. Skrubu yetu ya kwanza ilikaa mpakani. Kila binti alipocheka au kuongea, ile nyama laini ilijisugua kwenye shingo ya skrubu, ikavimba, na fizi iliyovimba haikai sana kabla ya kuharibu na mfupa ulio chini yake. Ya pili ilishushwa kidogo ikaingia kwenye fizi ngumu. Uliza pia kama eksirei inaonyesha nafasi ya kutosha kati ya mizizi. Skrubu inayogusa mzizi inasukumwa kila jino hilo linapotafuna, na hakuna kitu kinachovumilia kusukumwa kutwa mara tatu.

Habari ya kukaza ilinifurahisha kwa sababu ni ya kwetu mafundi. Kwa skrubu ya unene huu, kipimo kinachopendekezwa ni Ncm 5 hadi 10 (nyutoni-sentimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hebu fikiria bisibisi yenye mkono wa sentimita 1, ukautundikia nusu kilo hadi kilo moja. Basi, ni hapo tu. Ikiingia kwa ulegevu kuliko hivyo, ni kama kukaza kwenye paini iliyooza. Ikikazwa kupita hapo, mfupa unapata nyufa ndogo, kama mbao ngumu ya mkongo inavyopasuka ukijifanya mbabe. Na mkongo hunikumbusha taya la chini. Lina mfupa mgumu zaidi, ungetarajia lishike vizuri zaidi, lakini mara nyingi ndilo linaloangusha skrubu. Sababu moja ni joto. Keekee isiyopumzishwa kwenye mbao ngumu huunguza tundu, na mfupa ukifika nyuzi 47 za Selisiasi kwa dakika moja huanza kufa. Ndiyo maana daktari anayetoboa huenda polepole huku akimwagia maji ya chumvi ya hospitali.

Siku ya kuwekewa haina mengi. Maumivu ya jioni ile yalikuwa madogo kuliko ya kung'oa gego, paracetamol ilitosha. Chakula kilikuwa uji, kesho yake wali na mchuzi. Kwa muda wote skrubu ikiwa mdomoni, mua, bisi, mifupa ya kuku na mahindi ya kuchoma yanayopukuchuliwa kwa meno tumeyaweka kando.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu. Tunatumia mswaki wa mtoto mdogo, laini, kichwa kidogo. Asubuhi, usiku, na baada ya chakula cha mchana akiwa nyumbani. Anasafisha meno yote kwanza kwa mswaki wake wa kawaida bila kuigusa skrubu. Kisha anashika ule mdogo kama unavyoshika penseli, anaulaza kwenye shingo ya skrubu pale inapokutana na fizi, na kuzungusha vinyweleo kwa upole, pande zote, huku akihesabu hadi 20 polepole. Asisugue kwenda mbele na nyuma: huko ni kuitikisa. Mswaki wa betri usiguse kichwa chake. Mwisho anasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Daktari alimwandikia pia kloheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, kwa siku chache. Tuliacha siku aliyotuambia tuache, kwa sababu ukiizoea, na hivi tunavyokunywa chai ya rangi, meno yanageuka kahawia.

Mama yangu mzazi ni mtu wa mswaki wa mti. Alimwambia mjukuu wake, "Hicho kidude kisugue kwa mti, kitang'aa." Heshima kwa bibi, na kwa meno mengine mti unafaa, lakini ncha yake ni ngumu na huisukuma skrubu ndogo kama hii pembeni. Tulielewana kwamba mti usivuke chonge.

Adui mkubwa lakini ni ulimi na vidole. Wiki ile ya tatu nilimkuta binti anaangalia runinga huku shavu linacheza.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naiangalia tu kama ipo, Baba."

Alikuwa akiiangalia kwa ulimi labda mara 200 kwa siku. Springi haikuwa na kosa: ile inavuta gramu 150 hivi, upande mmoja, bila kuyumba, na mfupa unauzoea mvuto wa namna hiyo. Kinachouchosha ni kuchezwa huku na huku, jinsi unavyong'oa msumari wa zamani bila koleo. Mara ya pili tulimpa nta ya meno, ile wanayopewa wenye waya, akafunika kichwa cha skrubu kwa wiki mbili za mwanzo, usiku na akiwa darasani. Ulimi ukikuta kitu laini unachoka kukitafuta.

Kuikagua ni mara moja kwa wiki, nayo ni kwa macho. Mwanga wa simu, kioo, shavu pembeni. Fizi iwe pinki na imebana shingo. Ikiwa nyekundu, inatoa damu, au imeanza kupanda juu ya kichwa, ongeza usafi na upige simu kliniki. Usingoje miadi ya mwezi ujao. Skrubu kuinama kidogo upande inakovutwa si lazima iwe balaa, maana hujongea kiasi bila kupoteza mshiko, na daktari huacha nafasi kwa ajili hiyo. Kucheza ndiyo balaa. Jino la jirani likianza kuuma akitafuna, au maumivu yakirudi baada ya kuwa yamekwisha, hilo nalo ni la kupiga simu siku hiyohiyo.

Ikishalegea, sikiliza ushauri wa mtu aliyekosea. Nina bisibisi ndogo za kurekebishia mashine, mkono uliniwasha. Nikajiambia robo mzunguko tu. Binti akakimbilia kwa mama yake, na alifanya vyema. Hesi zimekwisha kupoteza mfupa, kilichobaki kuzunguka skrubu ni nyama laini. Ukikaza inazunguka bure na unaingiza uchafu ndani. Usiivute wala usiifungue springi mwenyewe bila kuelekezwa. Piga simu, akae na vyakula laini, asukutue maji ya chumvi hadi aonwe. Ikidondoka yenyewe, iweke kwenye kikopo uende nayo; hairudishwi palepale, na tundu hujifunga lenyewe. Akiimeza, kwa kawaida hutoka chooni, lakini mjulishe daktari. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida, hiyo si ya kliniki ya meno, kimbia hospitali.

Siku ya kuitoa usipange mambo makubwa. Ile iliyolegea ilitoka kwa mizunguko michache, hata ganzi hakuhitaji. Iliyoshika vizuri huenda ikataka ganzi kidogo, na bado ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo ni chumvi na maji kwa siku mbili tatu, na mswaki laini kuzunguka tundu hadi fizi ifunge.