Kuchagua Urefu wa Mtutu wa Bunduki ya Kuwindia

Msasi anayefuata nguruwe mwitu katika vichaka vya maweni vya kusini mwa Unguja, ambako mnyama huchomoza ghafla hatua chache mbele ya mbwa, hana haja ya mtutu mrefu. Ni kweli kwamba mtutu mrefu huipa gesi ya baruti nafasi zaidi ya kuisukuma risasi. Lakini kwa risasi ya .308 (yaani yenye kipenyo cha inchi 0.308), ukishuka kutoka inchi 24 hadi 20, yaani kutoka sentimita 61 hadi 51, unapoteza takriban mita 30 kwa sekunde katika mwendo unaozidi mita 750, na kwa masafa hayo nguruwe hataijua tofauti. Wala urefu peke yake hauongezi shabaha, kwani mtutu mfupi wenye unene uleule huwa mkakamavu zaidi. Gharama yake ni mshindo mkali masikioni (mbwa nao wahurumiwe) na wepesi wa mbele unaoufanya mkono uyumbe unapolenga mbali.

Kabla ya kununua, hakikisha chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ni tupu, ipandishe bunduki begani mara kadhaa, kisha inama na kugeuka kana kwamba umezungukwa na miiba. Usiukate mtutu mwenyewe, kwani mdomo ukienda upande, risasi nayo huenda upande.