Kununua nyumba ya kwanza kimbunga kikiwa njiani: hatua kwa hatua kutoka Houston

Ndugu zangu, salaam. Tangu Juni iingie nimeulizwa jambo hili mara nyingi, nikaona niliandike lote mahali pamoja. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na katikati ya miezi hiyo ndipo familia nyingi huhama nyumba, kwa sababu shule zimefungwa. Kwa hiyo mtu kununua nyumba yake ya kwanza huku akichungulia ramani ya hali ya hewa si jambo geni hapa. Mwaka 2024 mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipangiwa kusaini, yaani kukamilisha ununuzi na kukabidhiwa nyumba, Jumatano, tarehe 10 Julai. Tarehe 1 Julai wakala wa bima alinipa bei ya mwaka mzima. Niliona ghali, nikamwomba anipe siku chache nilinganishe na kwingine, sikukuu ya tarehe 4 ipite kwanza. Siku hiyohiyo Kimbunga Beryl kilikuwa kinapiga visiwa vya Grenada, mbali sana na sisi, wala sikukitia akilini. Ijumaa tarehe 5 kikavuka Rasi ya Yucatán na kuingia Ghuba ya Meksiko. Nikapiga simu haraka kukubali bei ileile. Wakala akanijibu kwa upole: "Samahani mama, leo hakuna anayekata bima mpya. Tumefungiwa mpaka kimbunga kipite."

Bila bima, benki haitoi pesa. Bila pesa ya benki, hakuna kusaini. Usiku ule nilikaa jikoni na karatasi ya bei mkononi, nyumba niliyoiwekea akiba miaka sita ikiwa inaning'inia. Tofauti niliyokuwa naitafuta haikufika dola 200.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuko karibu mno na ikweta, vimbunga kwetu ni nadra. Mei mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, mama yangu aliniambia kwenye simu kwamba hata wazee pale kijijini hawakujua wajiandae vipi. Wengi wetu tunafika huku bila mazoea hayo, na hakuna anayekaa nasi kutufundisha.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoa ofa, uliza maji yalishafika wapi

Tangu tarehe 1 Septemba 2019, fomu ambayo muuzaji wa Texas anatakiwa kumpa mnunuzi inamtaka aseme kama nyumba iliwahi kuingia maji, kama iko kwenye eneo la mafuriko, na kama iko ndani ya eneo la bwawa la kuzuia mafuriko. Isome mstari kwa mstari. Usimwachie dalali akusomee.

Hilo la bwawa si dogo. Magharibi mwa Houston kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, ambayo siku nyingi huwa makavu kabisa, nyasi tupu. Mitaa ilijengwa hadi ndani ya eneo ambalo maji yake hupanda. Kimbunga Harvey kilipoleta mvua ya siku kadhaa Agosti 2017, maji yalirudi nyuma yakaingia kwenye maelfu ya nyumba za watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba wanaishi ndani ya bwawa.

Halafu itazame nyumba yenyewe. Mkaguzi wangu alifungua kabati la chini ya ngazi, akanyanyua pembe ya zulia na kunionyesha vijimisumari vinavyolishikilia. Vilikuwa vyeupe. "Vikiwa na kutu mstari mzima," akasema, "maji yamepita hapa, hata kama ukuta una rangi mpya." Katika nyumba nyingine niliyoikataa kabla ya hiyo, ukuta wa chini, futi nne kwenda juu, ulikuwa na mwonekano tofauti kidogo na wa juu. Ndivyo ukuta unavyokatwa na kubandikwa upya baada ya mafuriko.

Hatua ya 2: Kata bima wiki ileile ofa yako inapokubaliwa

Kama huna muda wa kusoma yote, soma hapa tu. Kimbunga chenye jina kikifika ndani ya mipaka waliyojiwekea, mara nyingi kikishaingia Ghuba, kampuni za bima husimamisha kukata bima mpya na kuongeza zilizopo. Hawafanyi hivyo kwa chuki. Wakiruhusu, kila mtu angengoja hatari ionekane kwa macho ndipo alipe. Lakini maana yake kwako ni kwamba mlango unafungwa kabla hujaona hata wingu. Houston jua lilikuwa kali kabisa siku niliyofungiwa.

Karatasi ya bei si bima. Unachotaka ni hati yenye jina lako, anwani ya nyumba na tarehe bima inapoanza, ambayo ni siku ya kusaini. Hati hiyo ikishatolewa kabla ya zuio, umekwishaingia ndani. Lakini usikubali tarehe ya kusaini ibadilishwe bila kumuuliza wakala kwanza, maana kusogeza tarehe ya kuanza wakati wa zuio kunaweza kuhesabiwa kama bima mpya.

Na jua unachonunua. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hata senti. Na kwenye kaunti za ufukweni, kama Galveston, mara nyingi hailipi hata upepo, unakata bima ya upepo peke yake.

Hatua ya 3: Bima ya mafuriko

Mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulianzishwa mwaka 1968. Unalipa hadi dola 250,000 kwa jengo la familia moja na hadi dola 100,000 kwa vilivyomo ndani, lakini vya ndani unavilipia kando. Kwa kawaida bima hii huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukiikata kwa ajili ya mkopo wa kununua nyumba, kabla ya kusaini, huo ungojaji haupo: inaanza siku unaposaini. Nafasi hiyo unaipata kwa sababu ya mkopo. Jirani yako aliyekaa miaka kumi bila bima hawezi kuipata wiki ya kimbunga.

Hatua ya 4: Jua asilimia yako

Madai ya kawaida unajilipia kiasi cha kwanza, labda dola 2,500. Kwa kimbunga mara nyingi wanahesabu kwa asilimia ya thamani ya bima ya jengo. Jengo la dola 320,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,400 kutoka mfukoni mwako kabla hawajalipa chochote. Kwa asilimia 5 ni 16,000. Bei nafuu mno ya bima mara nyingi imejificha hapo. Usimalizie akiba yote kwenye malipo ya awali ukabaki huna kitu.

Hatua ya 5: Soma kifungu cha 14 cha mkataba

Katika mkataba wa kawaida wa Texas, nyumba ikiharibika baada ya kusaini mkataba na kabla ya kukabidhiwa, muuzaji ndiye anayetakiwa kuirudisha ilivyokuwa. Akishindwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, wewe unachagua: kujitoa na kurudishiwa arubuni yako, kumwongezea muda hadi siku 15, au kuichukua ilivyo na kupokea malipo ya bima yake, bima hiyo ikiruhusu. Dalali wangu alinisukuma nichague la tatu ili mambo yaishe haraka. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Mnunuzi wa kwanza hana mafundi anaowajua, na baada ya kimbunga mafundi wote wa mji wameshachukuliwa.

Hatua ya 6: Kimbunga kikishapita, usisaini kabla hujaingia ndani

Beryl kilitua karibu na Matagorda alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai, kikiwa cha daraja la 1 tu. Hata hivyo wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo la Houston walikosa umeme. Rais alipotangaza janga, benki yangu ikataka mkaguzi arudi kuipiga picha nyumba upya. Tegemea hilo, na uliza mapema nani analipa.

Nenda mwenyewe pia. Mimi nilipanda darini na tochi, joto la kukata pumzi. Kwa macho ya nje paa lilikuwa zima. Ndani, juu ya chumba cha watoto, tawi lilikuwa limetoboa tundu la ukubwa wa kikombe, na ile pamba ya kuzuia joto ilikuwa imelala, nzito kwa maji. Niliiminya, ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Picha ya benki isingeona hilo. Muuzaji alitengeneza paa na uzio, nikasaini Ijumaa tarehe 26 Julai. Riba yangu ilikuwa imefungwa, yaani benki iliahidi kutoibadilisha, hadi tarehe 15, kwa hiyo nililipa kuirefusha. Ukifunga riba msimu huu, omba siku za ziada tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi, na ninaliandika kwa uchungu kwa sababu limewapata watu ninaowafahamu. Tarehe zinapovurugika, matapeli hutuma barua pepe inayofanana kabisa na ya ofisi ya hatimiliki, ile inayopokea malipo na kusimamia kusaini: "Akaunti imebadilika, tuma malipo ya awali huku." Usitume. Piga simu kwa namba uliyopewa siku ya kwanza, si ile iliyo ndani ya barua pepe hiyo. Pesa ikishaondoka, kuirudisha ni bahati nasibu.

Maswali yenu

*Kutoka Tampa: Dada, mimi niko Florida. Kampuni imekataa kunikatia bima kwa sababu ya kimbunga, na tarehe ya kusaini ni keshokutwa. Nitapoteza arubuni?*

Pole sana ndugu yangu. Mkataba wa Florida unaotumika zaidi, ule wa madalali na wanasheria, una kifungu kinachosema tarehe inasogezwa pale bima isipopatikana kwa sababu ya janga kama hilo. Angalia kama wako ndio huo. Halafu mwandikie muuzaji leo, kwa maandishi, na uambatishe jibu la kampuni ya bima. Simu peke yake haitoshi.

*Kutoka Katy: Nyumba iko eneo X kwenye ramani. Dalali anasema bima ya mafuriko ni kupoteza pesa. Ni kweli?*

Hapana. Eneo X maana yake ni kwamba nyumba iko nje ya eneo lililochorwa kuwa la hatari kubwa, na kwa kawaida benki haikulazimishi. Wakati wa Harvey, zaidi ya nusu ya nyumba zilizofurika katika Kaunti ya Harris zilikuwa nje ya eneo lililochorwa kuwa la hatari. Na hata hilo la hatari watu hawalielewi: "mafuriko ya miaka 100" ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya mkopo wa miaka 30 hiyo inafika kama asilimia 26. Nawe uko Katy, jirani wa Barker. Kata.

*Kutoka Galveston: Tunanunua kwa pesa taslimu, mimi na kaka zangu wawili. Hatuna mkopo, kwa hiyo tutangoja siku 30 za mafuriko?*

Mkikata mpya, ndiyo. Lakini muulizeni muuzaji kama ana bima ya mpango wa taifa. Bima hiyo inaweza kuhamishiwa kwa mnunuzi kwa ridhaa ya maandishi ya muuzaji, nanyi mkaendelea nayo bila kungoja. Kama hana, wekeni tarehe ya kusaini mbali kidogo. Na kwa kuwa ni Galveston, ulizeni cheti cha upepo cha jengo, WPI-8. Bila hicho bima ya upepo inaweza kuwa kitendawili.

*Kutoka Houston: Asalaam aleikum. Nanunua kupitia kampuni ya ufadhili bila riba, tunamiliki kwa ubia. Bima ni juu ya nani?*

Waaleikum salaam. Kwa watu niliowaona wakinunua hivyo, mnunuzi ndiye aliyelipia, na kampuni nayo iliandikwa kwenye hati. Waulize jina lao liandikwe vipi, herufi kwa herufi, kabla hati haijatoka. Kosa la jina likigundulika wakati wa zuio, marekebisho yanaweza kukwama.

*Kutoka Pasadena: Nimesaini jana. Kimbunga kinasemwa kitafika baada ya siku tatu na nyumba bado tupu. Nianze wapi?*

Hongera kwa nyumba, mdogo wangu. Leo piga video kila chumba, dari, paa kwa nje, kiyoyozi cha nje na namba yake ya kiwandani, kisha jitumie kwa barua pepe. Tafuta swichi kuu ya umeme na koki kuu ya maji, ujue zinafungwaje. Toa majani kwenye mifereji ya paa na mdomo wa mtaro wa barabarani mbele ya nyumba. Usihamishe vyombo sasa, viache ulikokuwa kama ni salama zaidi. Angalia namba yako ya posta iko kanda gani ya kuhama, A, B au C, na ukiambiwa ondoka, ondoka na watoto mapema kabla barabara hazijaziba. Hati ya bima iweke kwenye mfuko wa plastiki, itoke na wewe.