Anza na "rega" kabla ya "shalom"

Vijana wanaokwenda Israel kusomea kilimo huniuliza waanze na neno gani la Kiebrania. Wanategemea niwaambie shalom. Mimi nawaambia rega. Ukisema shalom utajibiwa kwa maneno mengi ya mbio, na hapo utahitaji neno la kumsimamisha mtu.

Rega ni kitambo kidogo cha muda. Katika mazungumzo ni "subiri kidogo". Msomaji wa Biblia ameshakutana nalo bila kujua: Zaburi 30:5, pale tunaposoma kwamba ghadhabu za Mungu ni za kitambo kidogo, Kiebrania kinasema rega. Kaza mwanzoni, RE-ga, g ya gari. R yao inatoka kooni, jirani kabisa na gh ya "ghali". Na halibadiliki, uongee na mwanamume au mwanamke, tofauti na maneno yao mengi.

Sasa mkono, maana neno hili lina mkono wake. Geuza kiganja juu, kusanya ncha za vidole vyote vitano, kisha tikisa taratibu juu na chini. Kule Arava, bonde la jangwa kusini mwa Israel, kwenye banda la kufungashia pilipili hoho, mashine ya kuchambua inanguruma na sauti ya mtu haifiki popote. Msimamizi akikuonyesha vidole hivyo, acha kumwaga kreti mpaka ashushe mkono. Ukizidiwa wewe, mwonyeshe vilevile. Si tusi hata kidogo. Hata ukivuka barabara utawaonyesha madereva.

Kwa mtu mzima au ofisini ongeza adabu: "Rega ekhad, bevakasha", subiri kidogo tafadhali. Anayeongea haraka mwambie "Rega, le'at le'at", yaani taratibu. Basi likitaka kuondoka na hujashuka, paza sauti: "Nehag, rega!" Nehag ni dereva. Usione haya, wenyeji wanapiga kelele hivyo hivyo. Pia utalisikia mtu anapokumbuka kitu ghafla: "Rega, eifo hamafteakh?" Hebu kwanza, ufunguo uko wapi?

Panapowachanganya wengi ni od rega na karega. Od rega ni bado kidogo: "Ani ba od rega", nakuja sasa hivi (mwanamke atasema "ani ba'a"). Karega ni kwa wakati huu: "Karega ani ba'avoda", kwa sasa niko kazini. Zifanyie mazoezi hizi mbili kwa sauti kabla hujaanza kazi. Bosi akipiga simu alfajiri kuuliza kama umefika shambani, nawe umeshafika, ukamjibu "od rega", ataelewa kuwa bado uko njiani.