SOMO: Kuchagua mashua ya tanga ya kusafiri mbali peke yako

Kila wiki naulizwa "ninunue mashua gani?" Majibu yangu yote ni haya.

1. Urefu: futi 28 hadi 36. Suhaili, aliyozungukia dunia Robin Knox-Johnston peke yake bila kuingia bandarini mwaka 1968–69, ina futi 32.

2. Mkuku (uti wa chini wa mashua): mrefu, usukani ukiwa umeshikizwa nyuma yake. Mwendo si mkali, lakini chombo hunyooka na nyavu haziukamati ovyo.

3. Ikague ikiwa imepandishwa nchi kavu, na fundi awepo.

4. Usukani wa upepo. Hapa tulia. Huwezi kushika kana (mpini wa usukani) usiku na mchana. Kifaa cha umeme cha kushika usukani kinamaliza betri, na maji ya chumvi yanakimaliza chenyewe. Usukani wa upepo ni bawa jembamba kwenye tezi (nyuma ya mashua): chombo kikiacha njia, bawa linalala, linapindua kasia lililo majini, kasia linavuta kana kwa kamba mbili. Onyo: unafuata upepo, haufuati dira. Upepo ukigeuka usiku nawe umelala karibu na mwamba, utapelekwa mwambani. Onyo la pili: usilipe kabla ya kuijaribu mashua baharini penye upepo. Punguza tanga, kisha achia kana. Ikiwa bado inakimbilia upepo kwa nguvu, iache, hata bei iwe nzuri vipi.

5. Jarari (kamba ya kupandishia tanga) na kamba za kupunguza tanga zifike pale unapokaa.

MASWALI

Kijana wa Tudor: Nimepata ya futi 45 bei poa, nichukue?
— Soma namba 1. Tanga la futi 45 likikwama usiku, utalitua na nani?

Mama Rukia: Unalalaje na meli zinapita?
— Umeuliza la maana, dada. Meli ikichomoza kwenye upeo inaweza kukufikia kwa robo saa. Karibu na njia zao, lala dakika 15 kisha amka utazame pande zote. Funga pia kifaa cha AIS, kinachopokea ishara za meli zilizo karibu, chenye king'ora.

Kijana wa Tudor: Kilifi hadi Kilwa mwezi wowote?
— Hapana. Nenda na kaskazi, Desemba hadi Machi. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote viwili vinakupinga.

Mvuvi Mstaafu: Maji ya kunywa yagawe kwenye madumu, yasikae tangi moja. Likiharibika moja, mengine yapo.
— Kweli kabisa, mzee. Na usiyajaze hadi mdomoni: dumu lenye nafasi kidogo likianguka baharini linaelea.