Tumbawe linapauka? Pima maji kwanza, dawa baadaye

Habari zenu wakuu. Joto la Dar likikaza, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, naletewa picha zilezile, tumbawe limenyong'onyea, rangi imeenda, na mwenye tangi la maji ya bahari ashamwaga dawa za kila aina wakati hajui hata maji yana digrii ngapi. Naomba sana tuache hiyo. Tangi dogo linabadilika haraka, ukimwaga vitu vitatu kwa mpigo huwezi kujua tena kipi kimeua.

Anza na macho. Usiku zima taa, subiri kidogo, alafu mulika tochi kwa pembeni. Kama tumbawe ni jeupe lakini bado lina ngozi nyembamba juu ya mfupa, na vile vimikono vinachomoza, hilo limepauka ila lipo hai, maana yake limetimua vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulitengenezea chakula kwa mwanga. Vinaweza kurudi. Ukiona nyama inachunika na mfupa unabaki mtupu hapo hakuna kusubiri, kata sehemu nzima ambayo haijaguswa na ibandike mbali na iliyooza.

Sasa pima joto. Tunataka 25 mpaka 27, ikikaa 30 siku kadhaa mengi yanaanza kupauka. Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo usawa wa maji, inashusha digrii mbili hivi, ingawa siku zile za unyevu ambazo hata nguo hazikauki inasaidia kidogo tu.

Ila feni ina gharama yake, na hapa ndo tangi nyingi zinapoharibikia. Maji yanaruka, chumvi hairuki. Tangi la lita 60 likipungua lita 3, chumvi iliyokuwa 35 (gramu kwa lita hivi) inakaribia 37, na ukijazia maji ya bahari ndo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji matamu, kidogo kidogo kila siku. Na maji matamu yenyewe usiokote popote: ya bomba yana klorini, visima vingi vya Dar vina chumvi na madini yake, na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi ambayo watu wanayaona masafi yanaweza kubeba shaba ya koili, shaba inaua kamba na matumbawe. Tafuta ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine inayotoa karibu chumvi na madini yote. Kama chumvi ishapanda, ishushe kwa siku mbili tatu, usiishushe kwa saa moja.

Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe 0. Naitreti, ambayo ndo mwisho wa uchafu huo, miligramu 2 mpaka 10 kwa lita inatosha, na usishangae ikiwa 40 ukabadilisha lita 12 kati ya 60 ikabaki 32, hesabu ndo ilivyo, rudia kesho kutwa. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangini. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, iwe 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, na muhimu zaidi isirukeruke.

Taa punguza iwe nusu, tumbawe lililopauka linaungua na mwanga uleule liliokuwa linaupenda, alafu pandisha taratibu wiki hadi wiki.

Vipimo vyote vikiwa sawa na bado mambo mabaya, uliza nyumbani nani kapuliza dawa ya mbu. Kamba ndo wanaanza kufa. Weka kaboni mpya, yale makaa ya kuchujia sumu, badilisha maji.

MASWALI

Mkuu naweza kuchota maji Coco Beach?
Kiangazi unaweza, ila chota maji yakiwa yanajaa, chuja, pima chumvi. Masika achana nayo kabisa, mto Msimbazi unaleta maji ya kahawia na uchafu wa mji mzima, na chumvi inashuka.

Umeme ukikatika usiku mzima je? Naishi Kimara, jenereta sina.
Pole dada. Nunua pampu ya hewa ya betri, uso wa maji lazima utikisike kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Usilishe samaki. Chupa ya maji iliyogandishwa ifunge vizuri uiache ielee juu ya maji, barafu usitupie moja kwa moja. Kama una filta ya kopo, ile ya nje iliyofungwa, iliyosimama masaa mengi, mwaga maji yake kabla ya kuiwasha, yameoza.

Kaka, yakifa si naenda Mbudya navunja mengine?
Hapana ndugu yangu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na yale matumbawe ya pale yalishapigwa na joto la 1998, hayahitaji nyundo yetu. Tafuta vipande vilivyokuzwa tangini.

Zoa zangu (yale matumbawe laini kama vifungo) zimejaa mwani, nichemshe jiwe lote?
Usichemshe mkuu, nakuomba! Baadhi ya zoa zina palitoksini, sumu kali sana, mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima hospitali. Litoe jiwe ukiwa na glavu na miwani, sugua mwani kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, usikwaruze zoa zenyewe, mwaga yale maji, nawa mikono vizuri na watoto wakae mbali.